Tarehe iliyolala kabatini: niliyojifunza katika ununuzi wa umma

Siku nilipofungua kabati la chuma kutafuta dhamana ya mkandarasi ilikuwa Jumatano, mwishoni mwa Oktoba 2016. Vijana wake walikuwa wameondoka saiti wiki mbili kabla. Walituachia boma la jengo la wagonjwa wa nje, limefika kwenye lenta, halijapauliwa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mvua ikishashika haiachii mpaka Aprili. Mhandisi alikuja ofisini akatutuliza: dhamana ya utekelezaji ipo, ile ahadi ya benki ya kutulipa mkandarasi akishindwa kazi; tutaipeleka benki, benki italipa, tutatafuta mwingine amalizie. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Nikatoa bahasha, nikaisoma ile barua yenye nembo ya benki kuanzia juu, taratibu, hadi aya ya mwisho. Dhamana ilikuwa imeisha muda wake tarehe 28 Septemba.

Mkataba ulikuwa wa shilingi milioni 412. Dhamana ilikuwa asilimia kumi, yaani milioni 41.2. Hizo ni fedha ambazo halmashauri ingeweza kuzidai benki bila kwenda mahakamani, na zilituponyoka kwa sababu hakuna mtu, nikiwemo mimi, aliyeiandika tarehe hiyo mahali inapoonekana.

Nasimulia haya kwa ajili ya vijana wanaoripoti kila mwaka kwenye vitengo vya ununuzi wakiwa na vyeti vizuri, kama nilivyokuwa mimi.

Niliajiriwa mwaka 2014. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutumika, pamoja na kanuni zake za 2013, na mimi nilizijua karibu neno kwa neno. Nilijua idara tumizi ndiyo inayoeleza hitaji, kitengo cha ununuzi kinaandaa nyaraka na kuendesha mchakato, bodi ya zabuni inaidhinisha, na afisa masuuli, ambaye kwenye halmashauri ni mkurugenzi, anawajibika kwa yote. Nilijua pia kwa nini kazi hizo zimetenganishwa: anayehitaji kitu asiwe ndiye anayemchagua muuzaji, na aliyemchagua muuzaji asiwe ndiye anayepokea mzigo. Hayo bado nayaamini kwa moyo wote. Ila yaliniachia picha kwamba kazi yetu ni zabuni: tangazo, sanduku, ufunguzi, tathmini, mshindi. Huko ndiko macho ya kila mtu yaliko, huko ndiko maneno ya rushwa yanakozungumzwa, kwa hiyo huko ndiko nilikoweka akili yangu yote. Sikujua kwamba fedha nyingi za umma huponea au kupotelea kabla ya tangazo kutoka, au baada ya saini kuwekwa, wakati hakuna anayetazama.

Kwanza nilionyeshwa na vitanda.

Idara ya afya ilileta ombi la vitanda vitano vya kujifungulia. Barua ilisema: "vitanda vya kujifungulia vya kisasa, vyenye ubora wa hali ya juu." Nikayachukua maneno hayo kama yalivyo nikayaweka kwenye nyaraka za ushindanishaji. Waliomba wauzaji watatu, wote wakakidhi vigezo, maana kigezo chenyewe hakikuwepo. Nani atashindwa kuandika kwamba kitanda chake ni cha kisasa? Mwenye bei ya chini akashinda kihalali kabisa. Mzigo ulipofika, kamati ya ukaguzi na mapokezi ikakuta meza tano za chuma, bapa, zisizopanda wala kushuka, hazina mahali pa kuegemeza miguu, zimevikwa godoro la kitambaa cha kawaida. Tukarudi kwenye hati ya agizo tutafute kifungu cha kuwakatalia. Hakikuwepo. Muuzaji alikuwa ametupa tulichoandika.

Nesi mkuu wa wodi ya wazazi alinishika mkono akanipeleka hadi kwenye kimoja. Akaniuliza bila hasira, "Binti, mama akianza kutokwa na damu nyingi hapa, kichwa nitakishushaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefuata kila hatua ya kanuni, na mama mmoja angeweza kufia juu ya utaratibu wangu.

Mwaka uliofuata, kabla ya kuandika hata mstari mmoja, nilienda wodini asubuhi nikakaa naye mpaka saa nane. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Sehemu ya chini ya kitanda iweze kutolewa au kusukumwa ndani. Upande wa kichwa uinuke, na kitanda chote kiweze kuinamishwa kichwa kikawa chini. Vishikio vya mikono, kwa sababu mama anayesukuma anahitaji pa kushika. Godoro lisilopitisha maji, linalovumilia kufutwa kwa klorini mara tano kwa siku. Magurudumu yenye breki. Urefu kutoka sakafuni, ambao aliupima kwa kiganja chake na mimi nikaupima tena kwa futi. Nilitoka na mistari kumi na moja, yote inapimika, na hakuna jina la kampuni hata moja, maana ukitaja chapa umeshamchagua muuzaji. Vitanda vya mwaka ule bado vinatumika.

Tangu hapo nikikuta neno "kisasa" au "bora" kwenye ombi la idara, narudisha ombi. Wengine huniona msumbufu. Lakini neno lisilopimika haliwezi kukataliwa siku ya mapokezi, na siku ya mapokezi ndiyo siku pekee ambayo halmashauri ina nguvu kuliko muuzaji. Akishapokelewa mzigo na kulipwa, utamtafuta kwa simu.

Sasa lile jengo.

Lilikuwa kwenye bajeti ya 2015/16. Bajeti ilipita Juni, mwaka wa fedha ukaanza Julai mosi, na mimi nikasubiri Julai mosi kwa kuwa ndivyo mpango wa mwaka wa ununuzi ulivyoandikwa. Mpango wenyewe niliuandaa kwa kuchukua wa mwaka uliopita na kubadilisha majina ya miradi. Nilipomwendea mhandisi kuomba michoro na jedwali la kazi na bei, lile ambalo saiti kila mtu huliita BOQ, akaniambia ndiyo kwanza anaanza. Yuko peke yake na ana barabara, visima na madarasa. Michoro ikaisha Agosti. Tangazo likatoka mwishoni mwa Agosti, zabuni zikafunguliwa mwishoni mwa Septemba, kisha tathmini, kisha bodi, kisha notisi ya kusudio la kutoa zabuni, ambayo wakati ule ililazimu kusubiri siku 14 ili asiyeridhika alalamike.

Na mmoja hakuridhika. Kamati yetu ya tathmini, watu watatu, ilikuwa imemwondoa mzabuni mmoja kwa sababu hakuonyesha kwamba anamiliki mashine yake mwenyewe ya kuchanganyia zege. Ilionekana hoja ya busara. Nani anataka mkandarasi wa kuazima mashine? Lakini nyaraka zetu zilikuwa zimetaka ushahidi wa kumiliki au kukodi, na yeye alikuwa ameweka mkataba wa kukodi, ukurasa wa 63. Tuliuona, tukaupuuza. Malalamiko yalikuja kwa mkurugenzi kama sheria inavyoelekeza. Mkuu wangu wa kitengo, mzee aliyebakiza miaka minne kustaafu, aliisoma ile barua mara mbili, akafungua nyaraka zetu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu yuko sahihi. Tukikaza shingo ataenda Mamlaka ya Rufani za zabuni, na huko tutashindwa, na miezi miwili itakuwa imekwenda." Tukarudia tathmini. Hakushinda, bei yake baada ya kusahihisha makosa ya hesabu ilikuwa ya tatu, lakini safari hii alishindwa kwa vigezo alivyovijua kabla ya kuweka zabuni. Aliitikia kwa barua fupi ya shukrani. Nimeihifadhi nakala yake. Watu wengi wanadhani anayelalamika ni adui wa mradi. Mimi naona alitukinga.

Tulisaini mkataba mwishoni mwa Novemba. Tarehe 1 Desemba mkandarasi alikabidhiwa eneo, mvua ikinyesha.

Hapo niliona kosa ambalo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Mkataba ulikuwa wa miezi tisa, na minne kati ya hiyo ilikuwa ya mvua. Barabara ya kutoka lami mpaka kituoni ni kilomita 17 za udongo mwekundu. Lori la mchanga lilikwama siku tatu kwenye mteremko, na wanakijiji wakalisukuma kwa kamba. Mitaro ya msingi ilichimbwa, ikajaa maji, ikachimbwa tena. Laiti michoro ingeanza kuandaliwa Aprili, wakati bajeti bado iko bungeni, tungetangaza wiki ya kwanza ya Julai na msingi ungemwagwa Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Sheria haikutukataza kuandaa nyaraka mapema. Ni sisi tuliokuwa tukihesabu kuanzia Julai kwenda mbele, badala ya kuanza na siku ambayo mgonjwa wa kwanza ataingia mlangoni, kisha kurudi nyuma mwezi kwa mwezi.

Yakafuata mengine. Kiongozi mmoja alitembelea saiti Machi akasema chumba cha dawa ni chembamba, kiongezwe mita moja na nusu. Alisema kwa mdomo, mbele ya watu, kwa nia njema. Mkandarasi akabomoa sehemu ya msingi akajenga upya, kisha akaleta dai la shilingi milioni tisa. Hakukuwa na barua ya mabadiliko ya kazi, wala makadirio, wala idhini ya bodi. Msimamizi wa mkataba ndiye pekee mwenye mamlaka ya kumwelekeza mkandarasi, tena kwa maandishi, lakini hakuna aliyekuwa amemweleza kiongozi yule, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza pale pale. Siku hizi kila mradi unapoanza, naomba kikao cha makabidhiano kihudhuriwe na diwani, mtendaji wa kijiji na mganga mfawidhi, na jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba mwenye wazo aliandike, alipeleke kwa msimamizi, na saiti asimwelekeze fundi yeyote. Ukilisema mapema kwa heshima, hakuna anayekasirika.

Na sisi tulimkosea mkandarasi. Hati yake ya tatu ya malipo ilikaa zaidi ya siku 60: wiki mbili kwa mhandisi ikisubiri vipimo, wiki tatu uhasibuni, siku zilizobaki ikisubiri fedha. Kampuni yake ilikuwa ndogo. Vijana wake walikuwa wanakula kwa mama lishe pale kijijini kwa mkopo. Fedha zilipochelewa, akapata kazi nyingine mkoa wa jirani inayolipa haraka, akaanza kuhamisha mafundi mmoja mmoja. Nimesikia watu wa serikali wakisema makandarasi ni wababaishaji, na wapo, lakini siwezi kulisema la huyu bila kutaja zile siku 60.

Agosti 2016 akaomba ongezeko la muda. Sababu zilikuwa za kweli: mvua, na malipo kuchelewa. Mhandisi akapendekeza miezi mitano, ikaidhinishwa, barua ikaandikwa, nakala ikaja kitengoni kwetu. Mkataba sasa ungeisha Januari 2017. Mimi niliipokea barua ile, nikaigonga muhuri wa kupokelewa, nikaitoboa, nikaiweka kwenye faili.

Kuongeza muda wa mkataba hakuongezi muda wa dhamana. Dhamana ni ahadi ya benki, ina tarehe yake, na benki haijui wala haijali mmekubaliana nini na mkandarasi. Ilikuwa imetolewa mpaka siku 28 baada ya mwisho wa ule mkataba wa awali. Barua ya ongezeko la muda ilitakiwa iwe na sentensi moja zaidi: kwamba nyongeza itaanza kutumika mkandarasi akileta dhamana iliyohuishwa. Sentensi hiyo ina thamani ya milioni 41.2.

Tulijaribu benki hata hivyo. Afisa wao alitupokea kwa adabu, akatuonyesha aya ya mwisho, akaturudishia barua. Tulivunja mkataba kwa kufuata taratibu, tukapima kazi iliyofanyika mbele ya mwakilishi wake, tukashikilia fedha za matazamio tulizokuwa tumemkata kwenye hati za malipo. Hazikutosha kupaua. Mkaguzi alipokuja, hoja iliandikwa, na ilistahili kuandikwa. Kwenye kikao, mkuu wangu alisimama akasema usimamizi wa kitengo ni wake na lawama ni yake. Sikuweza kuvumilia, nami nikasimama nikasema ufunguo ulikuwa kwangu na barua niliipokea mimi. Mkurugenzi alitutazama wote wawili kisha akauliza, "Sasa mtafanya nini ili lisirudie?"

Jengo lilikamilika mwaka 2018, kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi moja kwa moja, kwa fedha za bajeti nyingine. Kwa muda wote huo wagonjwa wa nje walikuwa wanasubiri chini ya mti wa parachichi, na siku za mvua walijibanza kwenye baraza ya stoo ya dawa. Nilikuwa nikipita pale na pikipiki ya ofisi nageuza uso.

Jibu la swali la mkurugenzi lilikuwa kaunta buku. Mzee alininunulia yeye mwenyewe, ya kurasa mia nne, akaandika kwenye jalada: TAREHE. Akaniambia, "Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanangu, hata mkataba ni mali." Kila mkataba unapata ukurasa wake siku ya kusainiwa. Mwanzo wa kazi na mwisho wake. Dhamana ya utekelezaji inaisha lini, ya malipo ya awali lini, bima lini. Hati ya malipo iliingia siku gani na inatakiwa ilipwe ifikapo lini. Fidia ya ucheleweshaji inaanza kuhesabiwa lini. Makabidhiano ya awali, na mwisho wa kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Pembeni ya kila tarehe nimeweka nyingine, siku 30 kabla yake, na hiyo ndiyo ninayoifanyia kazi. Kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai tunalisoma kitengo kizima, kwa sauti. Na dhamana yoyote ikiletwa, kabla ya kusaini tunaiandikia benki husika moja kwa moja kuuliza kama kweli imeitoa. Jibu likichelewa, mkataba unasubiri.

Mzee amestaafu sasa, na kaunta buku tuko kwenye la tatu.

Lakini somo la mapokezi sikulipata kwa Mzee wala chuoni. Nililipata mwaka 2021, kijijini. Mtakumbuka zile fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, za maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kwa darasa, yawe tayari wanafunzi wanapofungua shule Januari 2022. Ilikuwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, shule inaunda kamati za wanajamii za manunuzi, mapokezi na ujenzi, inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo. Sisi wa wilayani kazi yetu ilikuwa kuwaelekeza. Nilikuwa na siku moja kwa kila shule, na pikipiki.

Kwenye shule moja kamati ya mapokezi ilikuwa na mama mmoja mkulima wa viazi. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, nikaanza kueleza fomu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na lori la mchanga nitalijuaje kama limejaa?" Nikasema utaangalia. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshakata fito, ameitia alama kwa kisu, urefu wa bodi la lori la tani saba. Kila lori likifika, anapanda mwenyewe, anachomeka fito kwenye kona nne na katikati, ndipo anasaini. Katikati mchanga huwa na kilima, alinieleza, kona ndiko wanakoibia. Lori la pili siku ile alilirudisha.

Mabati nayo. Agizo lilisema geji 28, ambayo ni nene kuliko geji 30. Kwa macho, geji 28 na geji 30 ni mapacha, na bei zake hazifanani. Fundi mkuu alikuwa na kalipa, kifaa cha kupimia unene, lakini mama yule alianza na mizani ya viazi: alipima bati moja la sampuli tuliloidhinisha, kisha akapima kumi kati ya yale yaliyoletwa. Yalikuwa mepesi. Kalipa ikathibitisha. Muuzaji alisema ni bahati mbaya ya stoo, akabadilisha mzigo wote kesho yake. Hiyo ndiyo kamati ya mapokezi. Nimeona kamati za wataalamu wenye shahada zikisaini fomu ndani ya ofisi, mzigo ukiwa bado kwenye gari.

Msimu ule haukuwa mwepesi. Kila halmashauri ilikuwa inanunua saruji, nondo na mabati katika miezi ile ile, na kwa maduka ya wilaya yetu bei zilipanda wiki hadi wiki. Shule zilizokaa pamoja, nne za kata moja, zikaagiza saruji kwa pamoja kwa muuzaji mmoja kwa bei moja, zilibakiwa na fedha ya rangi. Zilizonunua kila moja mifuko 50 kila zinapoishiwa, ziliishia kuomba michango. Kuna ule ugawaji wa ununuzi unaokatazwa kwa sababu watu huutumia kukwepa ushindani. Lakini hata usipokwepa chochote, kugawanya hitaji vipande vipande kunakugharimu. Hilo nililisoma chuoni kama kosa la kisheria, nikalielewa kama bei ya mfuko wa saruji.

Tangu mwaka 2023 tunafanya kazi kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS, na tuna Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, namba 10 ya mwaka huo. Lile sanduku la zabuni lenye kufuli mbili lipo stoo. Muda wa mwisho ukifika, mfumo unafunga, na hakuna bahasha inayopenyezwa dakika tano baadaye kwa kuwa mwenyewe alikwama njiani. Naupenda mfumo huu. Nimeutumia pia kuwaingiza akina mama wa kikundi cha ushonaji, ambao wana haki kwenye ile asilimia 30 ya ununuzi wa umma iliyotengwa kwa makundi maalum kama wanawake na vijana, na hawakuwahi kuifikia kwa sababu hawakujua pa kuanzia. Tulikaa mchana mzima na simu moja na kishikwambi cha ofisi mpaka wakasajiliwa. Sasa wanashona mashuka ya kituo cha afya. Lakini mfumo haukai wodini na nesi kuuliza kitanda kiinameje, na hauchomeki fito kwenye mchanga. Ukiuingizia maneno "ubora wa hali ya juu," utayatangaza nchi nzima kwa sekunde moja.

Wiki iliyopita, Jumatatu, tuliposoma kaunta buku, tarehe ya pembeni ilikuwa imefika kwa jengo la mama na mtoto tulilopokea mwaka jana. Kipindi cha matazamio kinaisha baada ya siku 30. Baada ya hapo mkandarasi anarudishiwa fedha zilizobaki na halmashauri inabaki na nyufa zake. Alhamisi tulikwenda, mimi, mhandisi na mganga mfawidhi. Muuguzi wa zamu alituzungusha. Mlango wa choo cha wagonjwa haufungi tangu Februari. Mfereji wa maji ya mvua umeachana na paa upande wa mashariki, ukuta unalowa. Vigae vitatu vya chumba cha kujifungulia vina mwangwi ukivigonga, maana yake chini ni patupu. Mhandisi aliorodhesha kasoro 14, tukazipiga picha, barua ikatoka Ijumaa ikiwa na saini ya msimamizi wa mkataba. Mkandarasi amejibu jana jioni kwamba mafundi wake watafika Jumatatu ijayo.

Nimeiandika Jumatatu hiyo. Nimeandika pia Jumanne, ya kwenda kuangalia.